Mbona Waafrika Hapa Hawana Majina?

SWALI: Shikamoo. Nafundisha sanaa kidato cha tatu na cha nne hapa Moshi. Vitabu vya historia ya sanaa ya kisasa hatuna, kwa hiyo kwa miaka miwili sasa nimekuwa nikiwasha projekta na kuwapitisha wanafunzi kwenye tovuti za makumbusho makubwa ya Marekani na Ulaya, hasa zile za kubofya na kukuza picha. Wanazipenda mno. Mwezi uliopita nilikuwa nawaonesha mchoro wa MoMA, makumbusho ya sanaa ya kisasa ya New York, wenye majina ya wasanii yaliyounganishwa kwa nyuzi, binti mmoja akanyoosha mkono: "Mwalimu, ulisema hawa walijifunza kwa vinyago vya Kiafrika. Mbona Waafrika hapa hawana majina?" Nikakosa la kusema. Naomba unisaidie: tovuti hizi ni za kuaminiwa? Na nizitumieje darasani?

JIBU: Marahaba, Mwalimu. Nianze na huyo binti, kwa sababu ukishalijibu swali lake, la kwako litakuwa limejibika nusu.

Mchoro huo uliandaliwa kwa ajili ya maonesho yaliyofunguliwa Desemba 2012 kuhusu mwanzo wa sanaa dhahania, yaani uchoraji ulioacha kuiga mtu, mti au nyumba, ukabaki na rangi na maumbo. Unafungua na kukuta majina zaidi ya 80 yametapakaa kwenye skrini, na nyuzi nyembamba zikipita huku na huku. Ukibofya jina moja, nyuzi zake zinabaki, za wengine zinafifia, na unaletewa kazi zake. Wenye nyuzi nyingi kuliko wenzao wamewekwa rangi nyekundu: wachoraji Kandinsky, Picasso na Sonia Delaunay, washairi Apollinaire na Tzara, na wengine wachache. Nakiri kwamba mara ya kwanza nilipouona uliniibia jioni nzima na bando la wiki.

Sasa muulize binti: uzi mmoja maana yake nini? Wengi hudhani ni kwamba huyu alimwiga yule. Hapana. Uzi unasema tu kwamba watu hao wawili walifahamiana kati ya 1910 na 1925, na kwamba upo ushahidi wa kufahamiana kwao. Wasimamizi wa maonesho walishirikiana na watafiti wa shule ya biashara ya Chuo Kikuu cha Columbia, watu waliozoea kuchunguza nani anamjua nani, na wakaja na hoja kwamba sanaa dhahania haikuzuliwa na fundi mmoja aliyejifungia chumbani, bali ilizaliwa na watu waliokuwa wakiandikiana barua, wakitembeleana na kugombana. Ni hoja nzuri na ninaikubali. Lakini iangalie kanuni yake. Ili uingie kwenye mchoro, kwanza uwe na jina lililoandikwa, kisha jina hilo liwe na rafiki mwenye jina, Paris, Munich, Moscow au New York. Mchongaji aliyekaa kijijini kwake Afrika Magharibi anakwama penye sharti la kwanza, na hata akilipita anakwama penye la pili. Hakuna mtu aliyekaa mezani akasema tumfute. Kanuni ilimaliza kazi hiyo yenyewe.

Mtajie binti huyo jina la Olowe wa Ise. Alikuwa mchongaji Myoruba, alifariki mwaka 1938. Kati ya 1910 na 1914 hivi alichonga mlango wa mbao wa kasri la Ogoga, mfalme wa Ikere, katika nchi ambayo leo ni Nigeria. Upande mmoja mfalme ameketi. Upande wa pili anakuja ofisa Mwingereza, amebebwa kwenye machela kama mgonjwa. Olowe aliuchimba ubao kwa kina hata watu wake wanajitokeza kama wanaotaka kushuka chini. Mlango huo ulipelekwa London kwenye maonesho makubwa ya himaya yaliyofanyika Wembley mwaka 1924, ukawavutia wakubwa wa British Museum, na mfalme wa Ikere akakubali kuuachia kwa kubadilishana na kiti cha enzi kilichotengenezwa Uingereza. London ilichelewa sana kuliandika jina la mchongaji. Nyumbani kwao lilikuwa likiimbwa: mmoja wa wake zake alikuwa na utenzi mzima wa kumsifu mumewe, kwa jina, pamoja na kazi alizochonga na majumba aliyozichongea.

Angalia tarehe, Mwalimu. 1910 hadi 1914. Iko ndani kabisa ya miaka ile 15 ya mchoro wa nyuzi. Kandinsky akiwa Munich anahangaika kuachana na farasi na minara, Olowe alikuwa Ikere na patasi mkononi. Sisemi Olowe alikuwa msanii dhahania, hakuwa. Nasema skrini ile inakupa hisia kwamba umeiona dunia yote ya miaka hiyo, kumbe umeoneshwa kundi la watu waliojuana.

Mchoro huo una babu yake, na huyo babu ni lazima umtafute. Mwaka 1936 mkurugenzi wa kwanza wa MoMA, Alfred Barr, alichora mchoro wa mishale kwa ajili ya jalada la katalogi ya maonesho ya kyubizimu (mtindo wa akina Picasso wa kuvunja vitu kuwa maumbo) na sanaa dhahania. Pembeni kuna ngazi ya miaka kuanzia 1890 hadi 1935. Juu kuna wachoraji Cézanne, Van Gogh, Gauguin, Seurat. Mishale inashuka kupitia kyubizimu na vikundi vingine hadi chini kabisa, inakoishia kwenye mito miwili, sanaa dhahania yenye maumbo ya kijiometri na ile isiyo nayo. Vikundi vya Ulaya vimeandikwa kwa wino mweusi. Kisha kuna visanduku vyekundu, vitu ambavyo Barr aliviona vimetoka nje ya mkondo huo: chapa za Kijapani, sanaa ya Mashariki ya Karibu, uzuri wa mashine, na "sanamu za Kinegro", kwa neno la wakati ule.

Kisanduku hicho kina mshale unaokwenda kwenye kyubizimu. Kwa hiyo Barr hakuficha deni. Lakini mchoraji Rousseau ana jina lake, mwenzake Redon ana jina lake, na bara zima lina kisanduku kimoja. Tena mahali kilipowekwa kwenye ngazi ya miaka ni pale wasanii wa Paris walipoanza kuzitazama sanamu hizo. Miaka zilipochongwa haihesabiwi. Wajapani nao, wenye mabwana wa chapa wanaojulikana kwa majina tangu zamani, wamefungwa kisanduku kimoja vilevile. Na kichekesho ni hiki: mchoro wa 2012, wenye teknolojia yote ile, ulipobadilisha mishale ya mavutano kuwa nyuzi za kufahamiana, hata kile kisanduku chekundu kikapotea. Babu alikuwa na deni na akaliandika vibaya. Mjukuu daftari lake halina hata ukurasa wa madeni.

Ukitaka kuwaonesha deni lenyewe kwa macho, chukua gitaa la Picasso. Mwaka 1912 alitengeneza gitaa la kadibodi, na mwaka 1914 akalirudia kwa bati. Yote mawili yapo MoMA na picha zake zinafunguka hata kwenye simu. Tundu la gitaa, ambalo kwa kawaida ni shimo, yeye alilifanya mrija unaotokeza nje. Sasa fungua pembeni picha ya kinyago cha Wagrebo, watu wa pwani ya Liberia na Côte d'Ivoire: macho yake ni mirija miwili inayotokeza mbele. Picasso alikuwa navyo vinyago vya aina hiyo, na Kahnweiler, mfanyabiashara aliyekuwa akiuza kazi zake, ndiye aliyeueleza uhusiano huo. Fundi Mgrebo alikuwa amegundua kwamba tundu laweza kuoneshwa kwa kitu kinachotokeza. Weka picha mbili hizo bega kwa bega kwenye projekta na unyamaze dakika moja. Watoto wataona wenyewe.

Kuhusu neno "hajulikani", nikusimulie aibu yangu. Miaka mingi iliyopita niliajiriwa kwa muda kuingiza kumbukumbu za vinyago kwenye kompyuta za jumba moja la sanaa, jina nalihifadhi. Programu ilikuwa na kisanduku cha "Msanii" ambacho hakikubali kuachwa wazi, ukikiruka, inakugomea. Daftari la zamani lilikuwa na kabila, mahali na jina la Mzungu aliyekileta kinyago. Nikaandika "Hajulikani", nikainakili, nikaibandika, kinyago baada ya kinyago, kama mara 40. Siku moja akaja mzee wa Kimakonde kutembea, akasimama mbele ya kazi mojawapo, akaniambia bila kusita aliyeichonga ni nani na alizikwa wapi. Neno la kweli la kuandika pale lilikuwa "hakuulizwa". Tangu siku hiyo kila nikiona "msanii hajulikani" kwenye tovuti yoyote najiuliza: hajulikani na nani?

Usije ukadhani nakushauri uzizime tovuti hizi. Upande mwingine wa MoMA hiyohiyo una kitu ambacho kwa mwalimu ni hazina kuliko mchoro wa nyuzi, ingawa hakina mbwembwe. Mwaka 2016 waliweka mtandaoni historia ya maonesho yao yote tangu walipofungua milango mwaka 1929: maonesho zaidi ya 3,500, na maelfu kwa maelfu ya picha za kumbi zilivyokuwa zimepangwa. Katalogi nyingi za zamani zimo, bure. Humo ndimo mwanafunzi anaweza kumkamata mtunza makumbusho akiwa kazini.

Nenda mwaka 1935. Machi hadi Mei mwaka huo MoMA ilionesha sanaa ya Afrika, vitu vinavyokaribia 600, vingi kutoka makoloni ya Afrika Magharibi na Kongo. Zitazame picha za kumbi: sanamu zimewekwa juu ya vitako vyeupe, mbele ya kuta tupu, kila kimoja peke yake. Hakuna ngoma wala moshi, wala watu. Zimepangwa kama sanamu za Brancusi, mchongaji wa kisasa wa Paris. Lilikuwa tendo la heshima, maana kwingineko vitu kama hivyo vilirundikwa kwenye makabati pamoja na mikuki. Lakini ndilo pia lililozikata sanamu na watu wake. Mwaka mmoja baadaye, katika jengo hilohilo, Barr akachora mishale yake. Mwanafunzi aliyeona picha za 1935 kwanza ataelewa kisanduku chekundu kilikotoka, na hutahitaji kumhubiria.

Kisha kwa sababu uko Moshi, wapeleke kwa jirani yao. Kwenye tovuti ya MoMA andika Ntiro. Sam Ntiro alizaliwa Machame mwaka 1923, akasoma Makerere chini ya Margaret Trowell, akaenda shule ya sanaa ya Slade mjini London, akarudi kufundisha, na baada ya uhuru akawa balozi wa Tanganyika Uingereza. Mchoro wake wa rangi ya mafuta wa mwaka 1956 ulinunuliwa na MoMA mwaka 1960. Jina lake la Kiingereza, kwa Kiswahili, ni kama kusema "Wanaume Wakimpelekea Bibi Harusi Pombe ya Ndizi Usiku".

Pombe ya ndizi! Darasa lako lote litacheka, maana wao wanaiita mbege, na wanajua kuna ulezi ndani yake. Wanajua pia kwamba mbege haipelekwi ukweni ovyo: kuna nani anabeba, nani anapokea, na maneno gani yanasemwa. Ukurasa wa makumbusho utawapa jina, mwaka, vipimo, rangi ya mafuta juu ya turubai, na fedha za nani zilizotumika kununua. Hivyo vyote ni kweli na vina faida. Lakini kwa mara moja wao ndio watakaokuwa wanajua zaidi kuliko skrini. Waambie waandike maelezo ya picha hiyo, maneno 100, kwa ajili ya mtu wa New York asiyejua mbege ni nini. Hiyo ndiyo kazi ya mtunza makumbusho, na wataifanya vizuri.

Ukiwa hapo utagundua pia kwamba Ntiro hakutandikiwa njia. Kwenye mchoro wa nyuzi hayumo na hawezi kuwemo, miaka yake si ile. Unamfikia tu kama tayari unalijua jina lake na umeliandika kwenye kisanduku cha kutafutia. Kuna vitu ambavyo tovuti inakuletea mbele, na kuna vitu ambavyo inavyo na inakusubiri uvitafute. Nikitathmini tovuti ya makumbusho huanza na hayo: kipi unakipata kwa kubofya, na kipi unakipata kwa kuandika jina.

Kuhusu kukuza picha, nitapita haraka kwa sababu hapo hamna ugomvi. Mradi wa sanaa wa Google ulipozinduliwa Februari 2011 na makumbusho 17, kila moja lilichagua kazi moja ipigwe picha ya mabilioni ya nukta, na MoMA ilichagua mchoro wa Van Gogh wa usiku wa nyota. Ukiingia ndani utaona turubai tupu katikati ya michirizi ya rangi, kitu ambacho hata mgeni aliyesimama ukumbini hakioni vizuri. Makumbusho ya Reina Sofía ya Madrid yalikwenda mbali zaidi mwaka 2017 na tovuti yao ya Guernica, mchoro mkubwa wa Picasso kuhusu vita: unaweza kuitazama kwa mwanga wa kawaida, kwa urujuanimno, kwa infraredi na kwa eksirei, na pembeni kuna nyaraka zipatazo 2,000 za safari zake tangu Paris 1937. Nyufa zile zinasimulia: turubai iliviringishwa na kukunjuliwa mara nyingi kwa ajili ya kusafirishwa nchi hadi nchi. Ni tovuti ninayoipenda kuliko zote, kwa kuwa inakupa barua na picha za kale na kukuacha ubishane nayo.

Kasoro ya picha zote hizi ni ukubwa. Kwenye projekta Guernica na kadi ya posta ni sawasawa. Chukua kamba, toka na wanafunzi uwanjani, wapimie mita 3.49 kwa mita 7.76, wasimame mbele yake. Hiyo haihitaji bando.

Na usizitegemee tovuti hizi kama rafu ya vitabu. Zinakufa. Nyingi za zamani zilitengenezwa kwa Flash, programu ya kuchezesha picha kwenye tovuti, na kampuni ya Adobe walipoacha kuihudumia mwishoni mwa 2020, zilizokuwa hazijahamishwa zikabaki kisanduku cha kijivu. Nyingine zilikufa kwa kupanga: makumbusho ya Tate ya London yalifungua mwaka 2012 jumba la mtandaoni la sanaa zilizopotea, zilizoungua na zilizoibwa. Ulikuwa unatazama kutoka juu kama ghala lenye mistari ya chaki sakafuni, na kwenye meza kuna picha na magazeti kuhusu kila kazi, mojawapo ikiwa hema la msanii Mwingereza Tracey Emin lililoteketea kwa moto ghalani London mwaka 2004. Baada ya mwaka mmoja walilifuta jumba lenyewe, makusudi, nalo likajiunga na vilivyopotea. Mimi nililiona mara mbili tu, na sikupiga hata picha ya skrini.

Kwa hiyo, Mwalimu, chochote unachokitegemea kihifadhi kabla ya kipindi. Katalogi ya maonesho ya Afrika ya 1935 na ile ya Barr ya 1936 zinapatikana kama PDF kwenye kurasa za maonesho hayo. Zipakue mahali penye waifai au usiku bando linapokuwa nafuu, ziweke kwenye flashi. Orodha ya kazi zote za MoMA nayo ipo wazi tangu 2015, jedwali la kazi zaidi ya 120,000 lenye safu ya uraia wa msanii. Linafunguka kwa Excel, ila kwenye kompyuta dhaifu litakwama, basi lipunguze kwanza. Mpe binti aliyeuliza swali, ahesabu wa Ufaransa, ahesabu wa Tanzania. Na mchoro wa Barr ukiuchapisha kwa ajili ya ukutani, uchapishe kwa rangi, hata kama duka la stesheneri litakutoza zaidi. Kwa nyeusi na nyeupe vile visanduku vyekundu havitaonekana kuwa tofauti na vingine.